Kesi ya Kijiti ilivyosikilizwa Ng'ambo

Mwanamke mmoja alikuja Unguja kutembea, akatoka kwenda kustarehe na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Hakurudi hai. Kijiti akavuka maji akakimbilia bara. Wanawake wawili waliofuatana na marehemu wakaenda mahakamani kutoa ushahidi, na kwa kuwa wao ndio walionunua pombe ya siku ile, wakafungwa wao.

Kisa hiki, cha zama za Waingereza, watu wamekihifadhi kwa wimbo alioimba Siti binti Saad. Mashahidi wametajwa humo kwa majina, na hata tusi la Kiingereza ambalo jaji aliwavurumishia limo. Sidhani kama karani wa mahakama angethubutu kuliandika.

Siti alizaliwa Fumba, kwa wafinyanzi, akatembeza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Taarab ya wakati huo ilikuwa starehe ya wakubwa, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake, akina Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili. Usiku walikusanyika kwa Siti kufanya mazoezi, na majirani wakija na habari za mchana: nani kapigwa na mumewe, nani kashtakiwa, nani kala fedha za watu. Nyimbo zikatoka humo.

Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri. Mwaka huohuo wakazi wa Ng'ambo, mtaa wa mji wa Unguja, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Wasikilizaji wa Siti na wagomaji walikuwa watu walewale.

Ila santuri ya siku zile ilichukua dakika tatu na ushei kila upande, wakati ukumbini beti huongezwa kadiri watu wanavyotunza. Kwa hiyo santuri ni ufupisho tu. Tena wimbo una upande wake: wa Kijiti unawatetea mashahidi waziwazi, wala hauulizi jaji alikuwa na hoja gani. Mimi hilo halinisumbui, maana faili la mahakama nalo lina upande, ila limepigwa mhuri.

Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huo hadi uzeeni. Mwanahistoria Laura Fair alipoanza kuuchunguza muziki wa Siti, ilimbidi akae na wazee wa Ng'ambo wamfumbulie mafumbo, kwani mtunzi hakuona haja ya kueleza jambo ambalo mtaa mzima ulikwisha kulijua.