Kitanzi (programu)

Kitanzi ni sehemu ya programu inayorudia maagizo yaleyale mpaka orodha iishe au sharti lisitimie tena. Lugha ya programu ya FORTRAN ilikuwa nacho tangu 1957, kwa agizo la DO. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ina viwili: for na while.

Chukua mfano wa korosho za Masasi na Newala, zinazouzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Karani wa chama cha msingi cha ushirika akiwa na orodha ya uzito wa magunia, for hupitia gunia moja moja na kujumlisha kilo. Idadi isipojulikana, while hufaa zaidi: pima maadamu mkulima bado ana gunia. Sharti lisipobadilika ndani yake, kitanzi hakikomi.

Mwongozo mzuri wa vitanzi hutaja mipaka waziwazi. Katika Python, range(1, 5) hutoa 1, 2, 3 na 4; 5 haimo. Asiyeambiwa hilo ataliacha gunia la mwisho nje ya hesabu, na gunia hilo ni jasho la mtu. Ni lazima pia ueleze break, inayokatisha kitanzi; continue, inayorukia mzunguko unaofuata; na else, ambayo baada ya kitanzi hutekelezwa tu pale break isipotokea.