Taa za Giza

Jina la mji wa Giza, ulioko ukingo wa magharibi wa Mto Nile mkabala na Cairo, humfanya Mswahili atabasamu. Kwa wenyewe Wamisri jina hilo halina uhusiano na kiza cha usiku. Walakini ni usiku ambapo mawe ya Giza husemeshwa. Mwaka 1961 yalianzishwa pale maonyesho ya sauti na mwanga: wageni huketi vitini, taa za rangi huziangaza piramidi moja baada ya nyingine, na Abul-Houl, lile sanamu kuu la simba mwenye uso wa binadamu, husimulia ukuu wa wafalme kwa lugha za wageni wake. Msafiri mwenye siku chache na fedha za kuhesabu hana budi kujiuliza: je, jioni hiyo yastahili kununuliwa?

Desturi yenyewe ilizaliwa mbali na Nile. Mwaka 1952, katika kasri la Chambord nchini Ufaransa, Paul Robert-Houdin, mtu wa ukoo wa mwanamazingaombwe mashuhuri, aliunganisha taa, muziki na masimulizi ili kuta zilizohamwa zionekane kama zinakumbuka. Nasaba hiyo ya mazingaombwe si aibu. Kila mshairi anajua kwamba kulitia jiwe ulimi ni hila halali ya sanaa. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliziwasha upya taa za majumba ya Pate kwa maneno matupu, kisha akazizima ili moyo upate kuonyeka. Basi kosa, kama lipo, si kwamba jiwe linasemeshwa. La kuuliza ni hili: linasema nini, na kwa niaba ya nani?

Abul-Houl hakungoja umeme ndipo aseme. Kati ya miguu yake ya mbele limesimama bamba la itale lililowekwa na Farao Thutmose wa Nne, yapata mwaka 1400 kabla ya Masihi. Limeandikwa kwamba Thutmose, alipokuwa bado mwanamfalme, alitoka kuwinda, na wakati wa adhuhuri akalala kivulini mwa sanamu. Sanamu likamjia ndotoni, likamwahidi ufalme. Lakini likamlalamikia pia kwamba mwili wake umechakaa na mchanga umelielemea. Sauti ya kale, basi, ilikuwa sauti ya mhitaji, na ilimwachia msikilizaji kazi ya kufanya. Kazi hiyo haijesha: Februari 1988 kipande kikubwa cha jiwe kilimeguka begani mwa sanamu hilo hilo. Sauti ya jioni hujitukuza, wala haimwombi mtu kitu baada ya tikiti kukatwa.

Tena maneno yaliyotungwa kwa ajili ya 1961 hayakuweza kujua yaliyofukuliwa baadaye. Mwaka 1990 yaligunduliwa makaburi ya wajenzi, si mbali na Abul-Houl. Mifupa yao ina alama za mizigo mizito, na mingine ilivunjika, ikatibiwa, ikaunga. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, zikapatikana karatasi za mafunjo zenye kumbukumbu za siku hadi siku za Merer, aliyeongoza kikosi cha watu wapatao 40. Humo mna safari za mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, zikiwa zimesheheni mawe ya chokaa ya piramidi ya Khufu: leo kupakia, kesho kusafiri, usiku kulala njiani. Msomaji wa pwani atamtambua mtu huyu mara moja. Ni nahodha na daftari lake. Hana majigambo, na maneno yake machache yana uzito kuliko ngurumo ya vipaza sauti.

Kwa hiyo hukumu haiwezi kuwa moja kwa kila jioni. Huko Karnak, mjini Luxor, mgeni haketishwi tangu mwanzo. Hutembezwa kwa miguu ndani ya hekalu, kwenye ukumbi wa nguzo 134, kabla ya kufikishwa penye ziwa takatifu. Shingo humuuma kwa kutazama juu, na udogo wake hauhitaji msimulizi. Jioni ya namna hiyo yastahili nauli yake. Ile ya Giza yamfaa aliyekwisha kuyaona mawe mchana, akazijua habari za akina Merer. Huyo taa zitakapowaka juu ya wafalme, yeye atawaona wabebaji. Asiye na hayo atarudi na rangi machoni tu. Heri fedha yake aitumie kwa asubuhi ya pili.

Swali hili si la Wamisri peke yao. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, nayo imewahi kuangaziwa usiku mbele ya wageni. Ina Wareno na mizinga yao, na kule kuzingirwa kwake tangu 1696 hadi 1698 kwatosha kumsisimua yeyote. Lakini ngome hiyo ilikuwa pia jela, tangu 1895 hadi 1958. Atakayeitungia maneno ya usiku, na aanze kwa kuuliza ni nani waliolala humo bila taa.