Kutungua: Neno la Shambani Katika Vita vya Kagera

Mto tunaouita Akagera hapa Rwanda, Watanzania huuita Kagera. Jina hilo ndilo la vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979. Makala haya yanatazama vita hivyo angani, kupitia neno moja: kutungua.

Kwa asili, kutungua ni kushusha kitu kilicho juu, kama vile embe kwa upembo. Askari walilichukua neno hilo kwa maana ya kuiangusha ndege.

Idi Amin alikuwa na ndege za MiG, ingawa Waisraeli walikuwa wameharibu kadhaa uwanjani Entebbe mwezi Julai 1976. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliteka ardhi ya Tanzania kaskazini mwa mto Kagera. Ndege zake zilijaribu kulibomoa daraja la Kyaka, zikakosa shabaha; hatimaye lilivunjwa kwa baruti iliyotegwa na watu. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, iliyomsaidia Amin, ililenga Mwanza lakini mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala.

Je, upande wa Tanzania haukukosea? Ulikosea, tena kwa uchungu. Mwanzoni mwa vita, wapiga mizinga wa Tanzania walizitungua ndege 3 karibu na Musoma. Zilikuwa ndege zao wenyewe. Waliziona, wakazilenga vizuri, ila hawakuzitambua.

Ushindi ulipatikana kwa miguu. Askari wa Tanzania waliuteka Entebbe tarehe 7 Aprili 1979, na Kampala siku 4 baadaye. Jeshi la anga la Amin lilikosa uwanja wake mkuu, na nguvu yake ikaishia hapo.

Walimu wenzangu, tunapofundisha maana mpya za maneno, mara nyingi tunaishia kwenye kamusi: maana ya kwanza, maana ya pili. Tusiishie hapo. Mchuma maembe hutazama kwanza kama tunda limeiva, ndipo anyanyue upembo. Hekima hiyo ilikuwamo ndani ya neno tangu shambani, na kule Musoma ilikosekana kwa dakika chache tu. Mwanafunzi akijua hilo, hatalisahau neno, wala hatawasahau waliokufa.