Rwanda na Upasuaji wa Matundu Madogo

Mwezi Oktoba 2023 nchi jirani ya Rwanda ilifungua rasmi mjini Kigali taasisi ya IRCAD Afrika. Humo madaktari hufunzwa kutibu maradhi ya tumboni, saratani ikiwamo, kwa kupitisha kamera na vyombo vyembamba katika matundu madogo, badala ya kulifungua tumbo kwa kisu. Mama wa taasisi hiyo ni IRCAD ya Strasbourg, Ufaransa, iliyoasisiwa mwaka 1994 na Profesa Jacques Marescaux.

Elimu hiyo haikuzuka ghafla. Mwaka 1901 Mjerumani Georg Kelling alitazama ndani ya tumbo la mbwa kwa chombo chenye taa. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alitoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa kwa njia ya matundu.

Jeshi nalo lina sehemu yake katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jeshi la Marekani liligharimia utafiti ili daktari aliye mbali na mapambano aweze kumpasua majeruhi kwa kuongoza mikono ya mashine. Kanali Richard Satava, mpasuaji mwenyewe, alikuwa mtetezi mkubwa wa wazo hilo. Lakini matunda ya utafiti huo yalivunwa zaidi katika hospitali za raia kuliko vitani. Mwaka 2000 roboti iitwayo da Vinci iliidhinishwa Marekani. Tarehe 7 Septemba 2001, Marescaux akiwa New York aliongoza roboti nyingine, ZEUS, kutoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo, saratani ni adui mjanja. Katika miaka ya 1990 ziliripotiwa habari za saratani kuota upya palepale matundu yalipotobolewa. Basi madaktari wakaamua kupima kabla ya kusifu. Huko Amerika ya Kaskazini wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana waligawanywa makundi mawili. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa saratani haikurudi zaidi kwa waliotobolewa, nao walitoka hospitali mapema. Mwaka 2017, majaribio ya wagonjwa 471 wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo huo hayakuthibitisha kwamba roboti inaishinda mikono ya mpasuaji anayetumia matundu bila roboti. Mwaka 2018 ikadhihirika kuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi waliopasuliwa kwa matundu walikufa kwa wingi kuliko waliofunguliwa tumbo. Madaktari wengi wakarudia kisu cha zamani.

Askari analielewa funzo hilo. Silaha mpya hupimwa uwanjani kabla ya kuaminiwa, na haimwokoi aliyechelewa kumwona adui. Roboti haitafuti saratani, hupelekewa mgonjwa. Askari amezoea kuvumilia maumivu, na uvumilivu huo ni sifa njema awapo lindoni. Lakini damu katika choo, uvimbe wa tumbo au kukonda bila sababu si mambo ya kuvumilia. Anayeyaona hana budi kuripoti kwa mganga wa kikosi mapema, kwani usipoziba ufa, utajenga ukuta.