Kidonge cha bibi harusi na paka wa nyumbani



Huku Chimala tunashona shela na madera, na siku ya kupima nguo maneno hayaishi. Siku hizi bibi harusi ana kopo lake kwenye pochi: vidonge vya nywele na kucha, mafuta ya samaki, vitamini C ya ngozi. Akishika mimba, kliniki wanamwongezea vya kuongeza damu. Halafu linakuja swali: kwa nini nisimpe na paka wangu kimoja, manyoya yang'ae? Swali hili tunalipenda, maana vitamini zenyewe binadamu alizijua kupitia wanyama.

Tuanze na mchele, sisi watu wa Usangu. Tukikoboa mpunga, mchele mweupe tunauza, pumba tunamwagia kuku. Miaka ya 1890, huko Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa anatafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kuchosha moyo. Kuku wake wakaanza kuanguka hivyo hivyo. Kumbe walikuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, mkali, akakataa wali wa askari kuliwa na kuku wa raia. Kuku wakarudishiwa mchele wenye ngozi yake, wakasimama. Dawa ilikuwa kwenye pumba, na leo tunaiita vitamini B1. Eijkman akapewa Nobel mwaka 1929. Yule mpishi hakupewa kitu, na sisi tunaona alionewa.

Mwaka 1907, Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich wakawalisha simbilisi nafaka tupu, nao wakapata kiseyeye. Ni simbilisi hawa hawa wanaofugwa kwenye majiko ya Iringa na Mbeya. Ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu mwili wa simbilisi, kama wetu, hautengenezi vitamini C. Paka na mbwa wanaitengeneza wenyewe kwenye ini. Wale mabwana wangetumia paka, wangekaa miaka wakisubiri kiseyeye kisichokuja. Kwa hiyo kile kidonge chako cha ngozi, paka mzima hana haja nacho.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Edward Mellanby wa Uingereza aliwafungia ndani watoto wa mbwa, akawalisha uji wa shayiri mpaka wakapata matege. Mafuta ya ini la samaki yakawaponya. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akakipa kilichomo jina la vitamini D. Watu wakisikia hadithi hiyo wanasema, basi mafuta ya samaki ni salama kwa mnyama. Sikilizeni upande wa pili: vitamini D3 hiyo hiyo, ikizidishwa, inauzwa katika nchi nyingine kama sumu ya panya. Inapandisha chokaa kwenye damu mpaka figo zinakufa. Kidonge kimepimwa kwa mwanamke wa kilo 60, paka wako ana kilo 4. Nguo tunaweza kuipunguza pembeni, kidonge hakipunguziki hivyo.

Vya kuongeza damu ndivyo vinavyotutisha zaidi. Madini ya chuma yakizidi yanachoma tumbo na utumbo wa paka au mbwa na kuharibu ini. Na vile vya kutafuna kama peremende, baadhi vina sukari ya bandia iitwayo ksilitoli, inayomshusha mbwa sukari mwilini ghafla. Vidonge vya kitunguu saumu navyo vinavunja damu ya paka.

Paka ana mahitaji yake. Hawezi kugeuza karoti kuwa vitamini A kama sisi, na anahitaji taurini, ambayo imo kwenye nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionesha kuwa akiikosa macho yanaharibika, na mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wakaonesha kuwa hata moyo wake unatanuka na kudhoofika. Nyie wa visiwani mna vibua na dagaa, manyoya ya paka wenu yatang'aa kwa hivyo.

Katika Muwatta ya Imam Malik, Kabsha bint Ka'b anasimulia jinsi mkwe wake, Abu Qatada, alivyomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Maji tu, na subira ya kumngoja amalize.

Kama paka ameshameza, usimtapishe mwenyewe wala kumnywesha mafuta. Beba kopo lenyewe, hesabu vilivyobaki, umpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama bado anaonekana mzima. Chuma kina tabia ya kumtuliza mnyama kwa saa kadhaa kabla hajazidiwa tena.