Sanduku Linalomeza Maneno

Ukisema Samburu, mtu wa Nairobi anaona morani, shanga na ngamia. Hiyo ni nyingine, iko kaskazini. Samburu yetu iko Kwale, kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, ukishapita Mariakani na Maji ya Chumvi, kabla hujafika Taru na Mackinnon Road. Malori, mbuzi, makaa, vumbi, reli ya zamani. Wenyeji wengi ni Waduruma. Na kama senta nyingine yoyote ya nchi hii, ina maduka ya simu na elektroniki yanayotoa spika nje asubuhi na kuziacha zizozane mpaka jioni.

Kwenye makasha ya spika hizo kuna namba. Wati 8,000. Wati 10,000. Kijana anayetafuta mtambo wa kwanza wa chumba chake anasoma namba, anatazama taa zikiwaka rangi rangi, anasikia besi ikitikisa bati, anatoa pesa. Na si pesa kidogo, bana. Ni bei ya mbuzi, pengine wawili, na huku mbuzi ndiye karo, ndiye hospitali, ndiye akiba.

Sasa swali: spika ya nyumbani hupimwa vipi? Kila kizazi cha pwani hii kimekuwa na kipimo chake. Ila kwa karibu miaka mia moja vipimo vyote vilikuwa na swali moja ndani yake: maneno yanasikika? Sisi ndio kizazi cha kwanza kusahau kuliuliza.

Santuri, sufuria na mawe

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, yenye chapa ya His Master's Voice, ilimpeleka Siti binti Saad na wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi. Sahani zao za santuri zikauzwa pwani nzima na kuingia bara. Mashine ya kuzichezea haikuhitaji umeme. Unazungusha mkono, sindano inakwaruza mfereji, mtetemo unapita kwenye kiwambo chembamba halafu unatokea kwenye pembe. Besi hapo usahau. Pembe ndogo haiwezi kuitoa. Lakini sauti ya mtu ilipita vizuri, na watu walimnunua Siti kwa ajili ya maneno: mafumbo, vijembe, habari za mjini zilizofungwa ndani ya mashairi.

Redio nayo ilianza Nairobi mwaka huo huo wa 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alikumbukwa baadaye, vita vikuu vya pili vilipoifanya serikali ya kikoloni itake kusikilizwa. Hata hapo kulikuwa na tatizo: nani atanunua redio ya taa za kioo inayotaka umeme, katika nyumba isiyo na umeme?

Jibu moja lilitoka Lusaka mwaka 1949. Harry Franklin, afisa wa habari wa serikali ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aliwashawishi watengenezaji wa betri wa Ever Ready wamtengenezee redio ya bei nafuu. Kasha lake lilikuwa la alumini, lenye umbo la sufuria, likaitwa Saucepan Special. Bei ilikuwa pauni tano, na betri yake kubwa ukainunua kando. Kwa mfanyakazi wa wakati ule hizo zilikuwa pesa za kuumiza. Bado watu walinunua, na jioni majirani walikuja kusikiliza. Spika moja, kijiji kizima.

Pwani ya Kenya nayo ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, kilichorusha matangazo kutoka Mombasa. Halafu mawimbi yakaanza kugombaniwa. Mwaka 1954 Redio Cairo ilifungua idhaa ya Kiswahili, na Ahmed Rashad Ali, mtu wa Zanzibar, akawa anaushambulia ukoloni hewani kwa Kiswahili kitamu. Juni 1957 BBC ikaanzisha idhaa yake ya Kiswahili. Fikiria msikilizaji wa miaka hiyo: mawimbi mafupi yanapanda na kushuka, mikwaruzo imejaa, naye ameinamisha sikio ili asikose neno. Ukikosa neno moja, hujui kama Uhuru umesogea ama umeahirishwa. Spika ya redio ile ilipimwa kwa kitu hicho. Ya kucheza dansi ilikuja baadaye.

Kumbe umbo lake dogo lilisaidia. Ili uelewe mtu anasema nini, sehemu kubwa ya kazi inafanyika kati ya hezi 300 na 3,400. Ndiyo maana simu za waya zilijengwa kupitisha eneo hilo tu, na tuliongea tukaelewana. Spika ya inchi tatu au nne inaimudu kazi hiyo bila jasho.

Kisha ikaja transista. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954, na katika miaka ya 1960 redio ndogo za namna hiyo zilifika hadi vijiji ambavyo barabara haikufika. Kipimo kipya kikazaliwa: inakula mawe mangapi? Mawe ni betri, kwa wasiojua. Mwaka 1967 Eveready walifungua kiwanda cha betri Nakuru, na yule paka wao akawa maarufu kuliko wanasiasa wengi. Mawe yakichoka yaliwekwa juani, ama yakaumwa kwa meno ili yaongeze taarifa moja ya habari. Kiwanda kilifungwa 2014. Lakini utaona mantiki ya miaka ile: umeme wenyewe ni wa kuhesabu, kwa hiyo hakuna anayeupoteza kwa kutikisa dirisha.

Kaseti ilipoingia

Philips walionyesha kaseti Berlin mwaka 1963, na ilipofika kwetu ikampa msikilizaji mamlaka: sasa wewe ndiwe unayechagua, wala husubiri mtangazaji. Mombasa ikawa karakana. Kampuni ya Assanand ilikuwa tayari imetoa santuri za wasanii wa pwani chini ya chapa ya Mzuri. Enzi ya kaseti, Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ikawa jina la kutafutwa kwa kanda za taarab: Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma. Juma Bhalo naye aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, yule malenga wa Mvita. Hebu jiulize kwa nini jina la mtunzi lilibebwa kwa uzito karibu sawa na la mwimbaji. Ni kwa sababu watu walikuwa wakisikiliza tungo.

Redio kaseti ya enzi hiyo ilikuwa na spika mbili, moja kila upande, zimefungwa kwenye sanduku jepesi la plastiki. Besi ilikuwepo kidogo. Udi, fidla, sauti, makofi ya kufuatisha, vyote viliingia humo vikatosha. Hata kayamba, ule mwanzi uliojaa mbegu ambao Wamijikenda huutikisa, ulisikika punje kwa punje. Mlio wa kayamba unakaa juu, mbali kabisa na besi.

Besi ni mtoto wa umeme

Kwa nini basi besi ilichelewa? Si kwa sababu wazee hawakuipenda. Ngoma za Waduruma zina besi ya kutosha, uliza kifua chako. Tatizo ni fizikia.

Spika tunayoitumia leo, karatasi ya umbo la koni ikisukumwa na waya ulioviringwa ndani ya sumaku, ilitengenezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925. Kimsingi haijabadilika. Ili itoe besi lazima isukume hewa nyingi, na hapo kuna sheria ambayo mhandisi Josef Anton Hofmann aliacha jina lake juu yake. Kuna vitu vitatu: sanduku dogo, besi ya kwenda chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua viwili. Cha tatu utakikosa, hata ukiomba dua.

Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani, alionyesha njia. Aliliziba sanduku kabisa, hewa iliyofungiwa ndani ikawa kama springi ya koni, na spika ya kukaa kwenye rafu ikatoa besi iliyokuwa ikihitaji kabati zima. Alichotoa kafara ni kile cha tatu: spika yake ilidai nguvu nyingi ya amplifaya. Yaani umeme. Kwa mtu wa New York hilo lilikuwa dogo. Kwa mtu wa Samburu mwenye mawe manne kwenye redio, lilikuwa haliwezekani.

Ndiyo maana sabufa, ama wufa kama tunavyoiita, ilisambaa huku pamoja na nguzo za stima. Sanduku moja kubwa la besi chini, vispika viwili au vitatu juu yake, waya kwenye soketi. Matatu ya mjini yalikuwa yameshatufundisha kwamba muziki ni kitu cha kusikia kwa mbavu. Chumba kikataka kufanana na matatu.

Hesabu za kwenye kasha

Sasa turudi kwa zile wati elfu kumi. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha: 3,120. Hiyo ndiyo nguvu yote ambayo soketi inaweza kutoa kabla fyuzi haijakatika. Birika la umeme hula kama wati 2,000, nalo linachemsha maji. Hiyo sabufa yako ya wati 10,000 inazitoa wapi?

Haizitoi. Karibu na namba mara nyingi kuna herufi nne, PMPO. Hicho ni kilele cha kufumba na kufumbua, na hakuna kiwango kimoja kinachomlazimisha mtengenezaji akihesabu vipi. Anaweza kuzidisha mpaka achoke. Geuza mtambo uangalie nyuma, pale kwenye kibandiko cha umeme. Ukikuta inakula wati 50, basi haiwezi kutoa zaidi ya hizo kwa muda wowote wa maana. Namba ya kuuliza ni RMS, ile nguvu ya kuendelea.

Habari njema ni kwamba huhitaji nyingi. Wati moja ya kweli kwenye spika ya kawaida hutoa kama desibeli 85 ukiwa mita moja. Hiyo ni kelele tosha kwa chumba cha futi kumi kwa kumi. Na kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli tatu tu. Ukitaka sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi. Kwa hiyo kati ya mtambo wa 8,000 na wa 10,000, hata kama namba zingekuwa za kweli, sikio lako lisingetambua.

Taa na namba zinaficha kasoro moja: katikati. Mitambo mingi ya bei ya chini ina koni kubwa inayonguruma chini na vispika vya inchi mbili vinavyopiga kelele juu. Eneo la kati, nyumba ya sauti ya binadamu, halina mwenyewe. Mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya godoro. Weka mtambo huo kwenye kona ya chumba chenye bati juu na sakafu ya saruji, na ngurumo inaongezeka maradufu. Kilichokuwa beti ya shairi kinakuwa mvumo.

Basi ukienda kununua, nenda na wimbo wako kwenye simu au flashi. Wa muuzaji umechaguliwa kuuza. Rudisha besi hadi katikati. Anza na taarifa ya habari, mtu akisema bila muziki. Kama jina la mtu au la mji linakupita, ondoka. Kisha weka taarab ya zamani, usikilize kama unashika kila neno. Weka kayamba: unasikia mbegu, ama unasikia mafuta yakikaanga? Halafu punguza sauti hadi kiwango cha usiku, watoto wamelala. Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi kwanza, kwa hiyo ikipungua hapo usishtuke. Maneno yakipotea, shtuka. Mwishowe ligonge sanduku kwa kidole. Likilia kama debe, litalia hivyo hivyo ndani ya kila wimbo. Ukifika nyumbani, liondoe kwenye kona, inua vispika vifikie masikio. Hiyo ni bure.

Na ikiwa mfuko unaruhusu kaspika kamoja ka bluetooth tu, usione haya. Kenye koni moja ya inchi tatu, kalichotengenezwa vizuri, kanaweza kukupa Kiswahili safi kuliko mnara wa taa.

Hili si suala la ladha peke yake. Kijana akiweka rekodi ya Siti ya 1928 kwenye sabufa, inatoka kama mbu, naye anahitimisha kwamba wazee hawakuwa na muziki. Akiweka kayamba linageuka kelele, anasema ngoma za kwao ni za ushamba. Akisikiliza kipindi cha Kiduruma redioni, mzee anaeleza mipaka ya ardhi au dawa ya ng'ombe, na nusu ya maelezo inamezwa na sanduku. Hakuna aliyepiga marufuku sauti hizo. Zimetolewa nyumbani polepole na mtambo uliopimwa kwa kipimo kibaya, tena umelipiwa mbuzi. Msikilizaji wa 1957 alikuwa na spika ndogo na mawimbi yaliyojaa mikwaruzo, na alijua habari yote.