Pointi wa Bofa na Malindi: Wewe Si Nusu ya Mtu

Maze, kama umelelewa Bofa, Watamu ama Malindi na rangi yako imekaa katikati, hii stori unaijua. Ufukweni bichiboi anakurushia "ciao" akidhani wewe ni mtalii. Ukienda Italia, unaulizwa umetoka wapi. Kitaani jina lako ni pointi, kifupi cha pointi faivu, yaani nusu. Wacha tucheki hiyo hesabu, juu haijumliki.

Wataliano walifikaje hapa?

Miaka ya 60, Italia ilijenga kituo cha kurusha setilaiti baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ya kwanza kutoka hapo ilipaa 1967. Disemba 12, 1970 ikapaa ingine: imeundwa na Wamarekani, imerushwa na Wataliano, na jina lake ni Uhuru. Nyuma ya mainjinia wakaja watalii, wenye hoteli na wastaafu. Watu wakapendana. Wengine walioana, wengine wakapanda ndege wakapotea. Ndio maana kuna watoi wana sura ya fathe lakini kwa karatasi kuna jina la mathe pekee.

Kwani mchanganyiko ulianza na hao?

Zii. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya Pwani ya kati ya 1250 na 1800. Mtwapa ilikuwa ndani, hapa hapa Kaunti ya Kilifi. Wengi walikuwa na damu mbili: ya Afrika hasa kupitia kina mama, ya Asia hasa kupitia wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka wa 1000. Hao ndio watu wa miji ya mawe, na hakuna mtu huwaita nusu Waswahili.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 14: mzazi mmoja akiwa Mkenya siku uliyozaliwa, wewe ni raia wa kuzaliwa. Imeisha hiyo. Haijalishi ni mathe ama fathe, wala kama ulizaliwa Bofa ama Roma. Kwa hivyo ukienda kuchukua kitambulisho na mtu akuulize "baba yako yuko wapi?", kisheria uraia wa mathe unatosha.

Kifungu cha 16 kinakuruhusu kuwa raia wa nchi ingine bila kupoteza Kenya. Kifungu cha 53 kinasema wazazi wote wawili wana jukumu sawa la kulea, wawe wameoana ama la. Na 2016, Mahakama Kuu iliamua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya jina la baba kwa cheti cha kuzaliwa.

Italia nayo, uraia hufuata damu kwa sheria ya 1992, lakini masharti yalikazwa 2025. Uliza ubalozi mapema, mzazi wako akiwa bado anapatikana.

Sasa ufanye nini?

- Weka cheti chako cha kuzaliwa sawa kabla ufike miaka 18.
- Kalisha mathe chini akupe stori yote: jina kamili la fathe, mji wake, mwaka walikutana. Andika. Hayo maelezo yakipotea, hakuna ofisi itakurudishia.
- Jifunze lugha ya nyanya yako. Ukimjibu mtu kwa Kigiriama safi, ile "ciao" inaishia hapo hapo.
- Tafuta mapointi wenzako. Kuongea na mtu ambaye huhitaji kumweleza chochote ni raha yake.

Na kama fathe hajawahi kupiga simu, hilo ni deni lake. Halipunguzi chochote kwako. Wewe ni Mkenya mzima, mtu wa Pwani mzima, na kama kuna Italia pia, hiyo ni nyongeza.